Vitu Vinavyosahauliwa Ndani ya Injini Kuukuu

Likizo ya mwezi wa Juni niliipitisha Mombo kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari, nikimsaidia kufumua injini ya Land Rover ya babu. Niliporudi shuleni niliwasimulia wenzangu wa bweni, na mhariri wa gazeti letu aliposikia akanitaka niziandike habari hizo ili zisomwe na wote. Nimekubali, ingawa sehemu moja ya habari hizi si ya kunisifu. Wale ambao hawajapata kuona injini iliyo wazi wasihofu. Nitajaribu kueleza kwa maneno mepesi, na palipo na jina la kigeni nitalitumia kama mafundi wenyewe walitumiavyo.

Kwanza gari lenyewe. Ni Land Rover ya namna iitwayo Series IIA, ya mwaka 1966. Namna hiyo ilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1961 hadi 1971, lakini injini yake ya petroli ni ya zamani zaidi, maana ilianza kutiwa katika magari hayo mwaka 1958. Ina silinda nne. Upana wa kila silinda ni milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9 kutoka chini hadi juu. Wanafunzi wa hesabu wanaweza kupata ukubwa wa injini kutokana na tarakimu hizo mbili: tafuta eneo la duara, zidisha kwa urefu wa safari, kisha zidisha kwa nne. Ukipata sentimita za ujazo 2,286 umepata sawasawa. Mimi nilipata 2,286 mara ya pili. Mara ya kwanza nilisahau kugawanya kipenyo kwa mbili.

Babu anakaa juu milimani, upande wa Lushoto. Gari lile hushusha kabichi na karoti mpaka Mombo siku za soko, na usiku huwa ni gari la kila mtu. Mama mjamzito akishikwa na uchungu, jirani hugonga mlango wa babu kabla ya kugonga mlango mwingine wowote. Mwaka jana lilianza kutoa moshi wa samawati, likawa linakunywa oili kama linavyokunywa petroli, na mwezi wa Aprili likaanza kugonga ndani likipanda mlima. Mjomba alisikiliza mgongo huo kwa bisibisi ndefu, ncha moja kwenye bloki na mpini sikioni, akasema, "Tukiliacha hivi litanoki njiani na mgonjwa ndani." Basi ikaamuliwa injini ishushwe.

Mtu akisikia injini inafumuliwa hufikiri juu ya pistoni, ringi, beringi na vavu. Vitu hivyo havisahauliki. Ni vikubwa, ni vya bei, na kila fundi huvinunua vipya au huvipeleka kuchongwa. Ninataka kuandika juu ya vile vingine, vidogo na vya ndani, ambavyo havimo katika orodha ya mtu anayekwenda dukani. Injini ikiisha kufungwa haviwezi kuonekana tena, na mara nyingi injini iliyotengenezwa kwa fedha nyingi hufa kwa sababu ya kimojawapo.

Nianze na njia za oili, kwa kuwa ndizo zilizonishangaza kuliko yote. Ndani ya bloki kuna mfereji mrefu uliotobolewa kwa urefu wa injini, na kutoka humo vijia vyembamba huenda kwenye beringi za krenki na za kemshafti. Nilimwuliza mjomba jinsi walivyoweza kutoboa mfereji ndani ya chuma kizima. Akanijibu kwamba keekee iliingia kutoka nje, kisha tundu iliyobaki ikazibwa kwa plagi. Kwa hiyo kila mfereji ulio ndani una plagi mahali fulani, na asiyeiondoa plagi hawezi kuusafisha mfereji. Anaweza kuiosha bloki nje mpaka ing'ae kama sahani ya harusi, na uchafu wa miaka yote ukabaki ndani.

Plagi hizo hazikutaka kutoka. Mjomba aliipasha moto moja mpaka ikabadilika rangi, akagusisha ncha ya mshumaa pembeni yake, nta ikanyonywa ndani ya hesi, ndipo ikakubali kuzunguka. Tulipopitisha brashi ndefu yenye mafuta ya taa, lilitoka tope jeusi zito kama lami, na katikati ya tope punje zinazometa. Punje zile zilikuwa chuma. Nyingine zilikuwa za zamani, zilizosagwa kutoka kwenye beringi, na nyingine zilikuwa mpya kabisa, za karakana ya mjini iliyochonga silinda. Karakana hiyo ilikuwa imeirudisha bloki ikiwa imepulizwa upepo na kupakwa oili, nasi tukaambiwa iko tayari kufungwa.

Yafaa nieleze kwa nini punje ndogo vile ni jambo la kutisha. Krenki haigusi beringi yake injini inapotembea. Huelea juu ya utando wa oili. Nafasi iliyoachwa kwa utando huo katika injini hii ni kati ya sehemu 1 na sehemu 2.5 za elfu moja za inchi, yaani milimita 0.025 hadi 0.064. Unywele wa kichwa changu, tulioupima kwa mikromita ya mjomba, ulikuwa mnene kuliko hiyo. Punje ya chuma yenye unene wa unywele ikipelekwa na oili mpaka hapo haina pa kupita. Itajizika katika beringi mpya, ambayo ni laini, na kuanzia hapo itakuwa kama tupa inayolichonga shingo la krenki kila mzunguko.

Krenki nayo ina vijia vyake. Imetobolewa kwa mshazari, ili oili inayofika kwenye beringi kubwa za katikati ipite ndani ya chuma na kutokea kwenye shingo za konrodi. Ikichongwa, vumbi la jiwe la kuchongea huingia katika tundu hizo na kukaa. Hewa ya kompresa peke yake hailitoi, maana limechanganyika na oili likawa kama uji mzito. Tulipitisha waya wenye kitambaa kisicho na nyuzi, kwa mafuta ya taa, mara nyingi sana, mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Kazi hiyo ilinichukua siku nzima na vidole vyangu vikababuka.

Kuna pampu ya oili. Watu wengi hutazama meno yake, wakiona hayajalika huirudisha. Lakini katika mwili wa pampu hiyo kuna vavu ndogo ya kupunguza nguvu ya oili: gololi ya chuma, kisukumio, na springi, vyote chini ya kifuniko kimoja. Oili ikizidi nguvu huisukuma gololi, nayo oili ya ziada ikarudi chini. Punje ikikaa chini ya gololi, au springi ikiwa imechoka, njia hiyo haifungi, na nguvu ya oili haipandi hata beringi ziwe mpya namna gani. Mjomba aliniambia ameletewa injini mbili zilizokwisha kufumuliwa mara ya pili kwa sababu hiyo tu, wenyewe wakilaumu beringi.

Pampu huzungushwa na mti wa wima unaopata mwendo wake kutoka kwenye kemshafti, na mti huo umekaa ndani ya bushi. Mjomba aliniambia niutoe. Nilivuta kwa koleo, nikagonga, nikatia mafuta, nikavuta tena. Yeye alikuwa amekaa akinywa kahawa. Nilipokuwa nimelowa jasho akaja, akanionyesha mahali ambapo kichujio cha oili hufungwa kwenye bloki. Pale, kwenye uso uliofunikwa na kichujio, pana skrubu isiyo na kichwa inayoishikilia bushi ile. Usipoondoa kichujio huwezi hata kujua ipo. Asiyeifahamu wakati wa kufungua huvunja bushi, na anayeisahau wakati wa kufunga huiacha bushi bila mshiko. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Ningekuambia, ungeisahau."

Vitu vingine nitavitaja upesi, si kwa kuwa ni vidogo kwa kazi bali kwa kuwa maelezo yake ni mafupi. Plagi za njia za maji, zile bapa kama sarafu kubwa, huliwa na kutu kutoka ndani; kwa nje huonekana nzima, na zilizo mahali pa kificho haziwezi kubadilishwa injini ikiwa garini. Katika ncha ya nyuma ya krenki mna bushi ndogo ya shaba nyeusi, ambamo hukaa ncha ya mti wa gia boksi. Ni ya bei ndogo mno, lakini ukiisahau, kuifikia tena kunataka uondoe sakafu ya gari, kisanduku cha viti na gia boksi yenyewe. Kifuniko cha beringi ya nyuma kina sili mbili za pembeni zenye umbo la herufi T, ambazo fundi mwenye haraka huzikata zilingane na bloki, na gari likaanza kudondosha oili siku ya kwanza. Mti wa roka ni mtupu ndani kama bomba, na ndani yake tulikuta tope kama lile la mfereji.

Lakini washa za msukumo lazima nizieleze vizuri, kwa kuwa zilinifundisha kutazama. Krenki ya injini hii hushikwa na beringi kuu tatu (zile za kuanzia mwaka 1980 zilipewa tano). Kila dereva akanyagapo klachi, krenki husukumwa mbele. Kinachoizuia isitembee ni washa zenye umbo la mwezi mwandamo, zinazokaa kila upande wa beringi ya katikati. Upande mmoja wa washa ni chuma kitupu. Upande wa pili una madini laini na vifereji viwili vya kupitishia oili. Upande wenye vifereji lazima uielekee krenki. Mimi nilizipanga mezani nikiwa na hakika, na mjomba akaniuliza neno moja tu: "Oili itapita wapi?" Nilitazama tena, nikaona mbili nimezigeuza. Zingefungwa vile, chuma kingesuguana na chuma kila mara babu alipokanyaga klachi, na barabara ile ya kupanda kutoka Mombo hadi Soni ina kona ambazo mtu hukanyaga klachi mpaka mguu ukafa ganzi. Baada ya kuzigeuza tulipima mchezo wa krenki, mbele na nyuma, kwa fila geji. Unatakiwa uwe kati ya sehemu 2 na sehemu 6 za elfu za inchi. Wetu ulikuwa 4.

Sasa nafika kwenye sehemu ile niliyosema si ya kunisifu.

Pistoni imeungwa na konrodi kwa pini. Pini hiyo haikukazwa popote. Inacheza huru, na kinachoizuia isitoke pembeni na kukwaruza ukuta wa silinda ni klipu mbili za waya wa springi, moja kila upande, zilizokaa katika vijishimo vyake. Pistoni nne, klipu nane. Kazi ya kuzitia nilipewa mimi kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba. Mjomba alikuwa ameniambia kwamba klipu haitumiwi mara mbili, kwa sababu ikiisha kubanwa na kutolewa hupoteza mkazo. Nilimsikia, nikaitikia. Lakini siku ya kufungua nilizitia klipu za zamani katika kopo la maziwa, na siku ya kufunga, mpya zilipofika kutoka dukani katika karatasi iliyochanika, nikazimimina katika kopo lile lile. Zilikuwa ziking'aa na zile za zamani zilikuwa nyeusi, nikaona kuzitofautisha si kazi.

Tulifunga jioni, taa ikiwa mbali. Zile nilizodhani ni za zamani nilizitupa katika pipa la chuma chakavu. Siku mbili zikapita. Tukatia silinda hedi, tukakaza bolti zake kwa mpango wake mpaka nguvu ya ratili-futi 65, tukaweka nafasi ya vavu sehemu 10 za elfu za inchi. Babu alikuwa amepelekewa habari ashuke Ijumaa asubuhi aje alisikie gari lake.

Usiku wa Alhamisi nilikuwa naosha makopo. Katika kopo la maziwa, chini kabisa, palikuwa na klipu moja iliyokwama katika oili. Niliifuta kwa shati. Ilikuwa inang'aa.

Nilikaa chini nikahesabu. Mpya zilinunuliwa nane, kamili, nilizihesabu mwenyewe zilipofika. Ikiwa moja imebaki, basi saba ndizo zilizotumika. Hivyo mojawapo ya mambo mawili lilikuwa kweli: ama kishimo kimoja hakina klipu, ama kina klipu ya zamani. Nilitamani liwepo jambo la tatu nisilipate. Kisha nikawaza kwamba hakuna mtu aliyeiona klipu ile ila mimi, na kwamba gari lingeweza kutembea mwezi, pengine mwaka. Nikawaza vilevile kona za Soni usiku, na mama mgonjwa nyuma. Sikulala, wala sikuenda kumwamsha mjomba. Nasema hayo kwa kuwa wenzangu bwenini wameniuliza kwa nini sikusema usiku ule ule. Niliogopa.

Alfajiri nilimkuta akiwasha jiko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umewatangulia jogoo?"

Nilimpa klipu mkononi nikamweleza. Aliigeuza kwenye mwanga wa moto, hakusema neno mpaka maji yakachemka. Kisha akauliza, "Za zamani ulizitupa wapi?"

Tukalimwaga pipa lile uani. Hesabu ilikuwa rahisi: tukizipata za zamani zote nane, basi kishimo kimoja ni kitupu, tukipata saba, basi ya nane imo ndani ya injini. Tulichambua misumari, nati, ringi zilizovunjika na vifuniko vya chupa mpaka jua likatoka. Tulipata sita. Hazikuthibitisha lolote. Mjomba akafuta mikono yake, akasema, "Lete spana."

Babu alifika tulipokuwa tumekwisha kuondoa silinda hedi. Nilimwamkia huku macho yangu yako chini, na mjomba, ambaye angeweza kunisemea, aliniacha nieleze mwenyewe. Babu aliketi juu ya tairi kuukuu, akaweka fimbo magotini, akasema gari lile limemngoja yeye mara nyingi pale kwenye foleni ya petroli na yeye ataweza kulingoja siku mbili. Baadaye alinituma nimletee chai, na alipoipokea aliniuliza klipu ni nini. Nilimwonyesha. Akaishika kati ya vidole akashangaa kwamba kitu chepesi namna ile kilimfanya ashuke mlima bure.

Tuliondoa sampu, tukafungua konrodi, tukazisukuma pistoni juu moja moja. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ilikuwa sawa. Ya tatu, upande wa nyuma, ilikuwa na klipu nyeusi. Ilikuwemo kishimoni, ndiyo, lakini mjomba aliigusa kwa ncha ya kidole na ikazunguka kwa wepesi, ambapo nyingine zote hazikutikisika hata kwa kucha. Akanishika mkono akanifanya niizungushe mwenyewe. Tuliondoa na ya nne pia, ijapokuwa tulikuwa tumekwisha kupata tulichokitafuta. Nilidhani hiyo ni kazi ya bure, lakini mjomba alisema hesabu yangu ya saba na moja ilikuwa hesabu ya mtu aliyekwisha kukosea mara moja.

Hasara ilikuwa gasiketi ya silinda hedi, ambayo ikiisha kubanwa haifai tena, na kazi ya siku moja na nusu. Gasiketi mpya ililipwa na mjomba. Nilimwambia nitailipa, akacheka.

Kabla ya kufunga mara ya pili alinifundisha utaratibu ambao ningeuzingatia tangu mwanzo nisingeliandika sehemu hii. Kila kitu cha zamani hufungwa kwa waya, kikaandikwa jina chake, kikatundikwa ukutani mbali na vipya. Hakitupwi mpaka gari limetembea. Kuna faida mbili: havichanganyiki, na kama dukani wamekupa kisicho sahihi unacho cha kulinganisha. Vitu vidogo huhesabiwa vikitoka na kuhesabiwa tena vikiingia, na hesabu huandikwa. Nilichora injini nzima katika daftari langu la jiografia, lililokuwa na kurasa tupu, na kando ya kila sehemu nikaandika idadi: klipu 8, washa za msukumo kwa hesabu yake, na plagi za oili kila moja mahali pake. Nilipotia kitu niliweka alama, na mjomba akaweka alama yake kando ya yangu baada ya kutazama. Mwalimu wa jiografia ameliona daftari hilo muhula huu naye hakufurahi sana.

Trei za mayai zinafaa kuliko makopo. Kila shimo huwekewa kitu cha silinda moja, na kilichobaki huonekana papo hapo.

Siku ya kuiamsha hatukuiwasha mara moja. Injini iliyofungwa upya haina oili katika mifereji yake, na dakika ya kwanza inaweza kuharibu kazi ya mwezi. Tulijaza oili katika kichujio, tukaondoa plagi zote za moto ili iwe nyepesi, nami nikaizungusha kwa hendeli ya mbele, kama walivyofanya madereva wa zamani. Gari hili kwa kawaida lina taa tu ya kuonya, lakini mjomba alikuwa amefunga geji yake mwenyewe. Nilizungusha mpaka mabega yakawaka, sindano imelala. Nikapumzika, nikazungusha tena. Babu ndiye aliyeona kwanza. Akasema, "Imeinuka." Tukafungua kifuniko cha juu kuona kama oili imefika kwenye roka, na ilikuwa imefika, inatiririka taratibu kama asali.

Ndipo tukarudisha plagi za moto, na waya zake kwa mpango wa 1, 3, 4, 2. Ilipiga chafya mara mbili ikawaka. Moshi ulikuwepo kidogo, wa oili tuliyopaka ndani, ukaisha. Injini ilipopata moto, sindano ilisimama kwenye ratili 45 kwa inchi ya mraba, nayo kwa gari hili hutakiwa iwe kati ya 35 na 65 likitembea. Mjomba alitega bisibisi yake ndefu kila mahali, kisha akanipa mpini niweke sikioni mwangu. Kulikuwa na mvumo tu.

Siku ya pili, injini ikiwa imepoa, tulikaza tena bolti za silinda hedi na kupima vavu upya. Babu alipanda nalo mlima bila mzigo, polepole, mimi nikiwa kando yake, nikisikiliza kila kona. Tulisimama Soni kutazama chini ya gari. Palikuwa pakavu. Tangu hapo limekwisha kurudishwa kwa mjomba mara moja tu, kumwaga oili ya kwanza na kutia mpya, na barua ya babu inasema limekwisha kupeleka watu wawili hospitali, mmoja wao usiku wa mvua.

Klipu nyeusi ya pistoni ya tatu ninayo katika kikebe changu cha vifaa vya jiometri, pamoja na mpya niliyopewa na mjomba kwa kulinganisha. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaosoma ufundi wakitaka kuzijaribu kwa vidole waje bweni siku ya Jumamosi baada ya usafi, ila warudishe zote mbili.